Kujaribu Helikopta ya Kujiundia Ukiwa Malindi

Kabla ya kuwasha injini, pata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, kwa kuwa anga ya Malindi ina ndege za abiria. Jaribu alfajiri, wakati umande, yaani upepo utokao bara, bado ni mwanana. Upepo wa kusi ukishika kasi mchana, hutajua kama chombo kimeyumba kwa kosa lako au kwa upepo.

Majaribio ya kwanza yafanyike chombo kikiwa kimefungwa. Igor Sikorsky, mwunda ndege wa Marekani, alipoiinua helikopta yake VS-300 tarehe 14 Septemba 1939, aliifunga kwa kamba, na hakuiachia iruke huru hadi Mei 1940. Kamba ziwe na ulegevu ulio sawa pande zote, kwani iliyobana upande mmoja hupindua chombo badala ya kukiokoa.

Hitilafu ikitokea, zima, kisha usiguse kitu. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, hasa kwa fundi mwenye spana mkononi. Katika jaribio letu la tatu, chombo kikiwa bado ardhini, kilianza kutikisika kama ungo unaopepetwa, na mtikisiko ukazidi kwa sekunde chache hadi tukakata mafuta. Bolti ya mguu mmoja ilikuwa imepinda. Kila mtu alitaka kukaza hiki na kubadili kile, lakini tulipiga picha kwanza, tukapima magurudumu, tukakuta moja limepungua upepo. Tulitia bolti mpya, tukasawazisha upepo wa magurudumu, na mengine yote tukayaacha kama yalivyokuwa, mtikisiko haukurudi. Lau tungalibadili mambo matano, tungalipona bila kujua dawa.

Juan de la Cierva naye, mwunda autogiro (ndege yenye mapanga yanayozunguka juu yake kwa nguvu ya hewa) huko Hispania, aliona vyombo vyake vya mwanzo vikipinduka upande mmoja, kwa sababu panga linalokwenda mbele hukutana na hewa ya kasi zaidi na kuinua kwa nguvu zaidi kuliko linalorudi nyuma. Alipoyatia mapanga bawaba ili yapande na kushuka yenyewe, autogiro yake C.4 iliruka Januari 1923.

Kila siku ukimaliza, osha mapanga na viungo kwa maji baridi ya kisima kisicho na chumvi, vikauke, upake grisi, kisha uandike daftarini saa, upepo na kila ulichobadili kabla hujaenda kunywa chai.