Jinsi ya kufuatilia historia ya sanamu ya mpanda farasi: mfano wa Jackson wa Lafayette Park

Sanamu ya shaba iliyosimama bustanini ina tarehe nyingi, na kosa kubwa la wanaoandika historia yake ni kuzifanya zote kuwa moja. Ipo siku iliyoagizwa, mwaka iliposubiwa, yaani shaba ilipoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, siku iliyozinduliwa na mwaka maandishi yalipochongwa. Andaa daftari lenye safu tatu: tarehe, tukio, ushahidi. Safu ya tatu ikiwa tupu, tukio hilo bado ni tetesi. Mfano wetu ni Andrew Jackson, jenerali aliyekuja kuwa rais wa Marekani, juu ya farasi wake, Lafayette Park, mbele ya Ikulu ya Marekani mjini Washington, kazi ya mchongaji Clark Mills.

Anza na sanamu yenyewe kabla ya kusoma chochote. Izunguke mara moja bila kamera, kisha piga picha kutoka pande nane, ukiandika kila picha imeelekea wapi. Sahihi ya mchongaji na alama ya kiwanda cha kusubu, kama zipo, huwa kwenye bamba la shaba lililo chini ya kwato, au pembeni mwa kitako cha jiwe. Usiende saa sita mchana, maana jua la utosini hufuta vivuli na herufi zilizolika hazionekani kabisa. Nenda asubuhi au jioni, au mulika tochi kutoka ubavuni, karibu sambamba na uso wa shaba.

Wasimamizi wa bustani wakikuruhusu kugusa, chukua sumaku ndogo na uifunge kwa kitambaa. Bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, haishiki sumaku. Ikinasa mahali, hapo ndani kuna chuma: nondo ya kubebea uzito au boliti ya matengenezo ya baadaye. Michirizi ya kahawia kwenye jiwe inatoka kwenye chuma kama hicho. Ya kijani inatoka kwenye shaba inayoliwa na mvua. Rangi peke yake haikuambii umri. Sanamu iliyosafishwa na kupakwa nta inaweza kuonekana mpya kuliko mwenzake mwenye umri mdogo zaidi, na kuikwaruza ili uone rangi ya chini ni kuiharibu bila kupata jibu.

Tazama miguu na mkia. Farasi wa Jackson amesimama kwa miguu miwili ya nyuma tu. Mills aliupata usawa huo kwa kuelekeza uzito nyuma, chini ya mpandaji. Watu hupenda kusema kwamba hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake, kwa hiyo linganisha: sanamu ya Philip IV, mfalme wa Hispania, iliyochongwa na Pietro Tacca mjini Madrid, wa mwaka 1640, pia ameinua miguu ya mbele, lakini mkia unasaidia kubeba. Sanamu ya Petro Mkuu, mtawala wa Urusi, kazi ya Falconet kule Saint Petersburg, iliyozinduliwa mwaka 1782, mkia umegusana na nyoka aliyekanyagwa. Basi usiandike “ya kwanza duniani” mpaka ueleze ni ya kwanza kwa lipi. Sanamu ya mfalme George III iliyoangushwa New York tarehe 9 Julai 1776 nayo ilikuwa ya mpanda farasi, ila ilitengenezwa Uingereza, tena kwa madini ya risasi yaliyopakwa dhahabu. Ya Mills ni ya bronzi, na ilisubiwa Marekani kwenyewe.

Hapo hapo utasikia hadithi ya kwato: farasi akiinua miguu yote miwili ya mbele, mpandaji alifia vitani. Jackson alifariki kwa maradhi mwaka 1845 nyumbani kwake, Hermitage, Tennessee. Mfano huu mmoja unatosha kuonyesha kwamba kwato si ushahidi wa kifo cha mtu yeyote.

Sasa ingia kwenye karatasi. Tafuta kwanza za fedha, kwa sababu hotuba hupamba lakini risiti hutaja kiasi na jina. Kwa sanamu za Washington, fuatilia sheria na kumbukumbu za Bunge la Marekani. Bronzi ya Jackson ilitoka kwenye mizinga iliyotolewa kwa idhini ya Bunge, na jambo kama hilo huacha maandishi. Mills alipewa kazi mwaka 1848, na uzinduzi ulikuwa tarehe 8 Januari 1853. Ukikuta siku ya uzinduzi, uliza kwa nini siku hiyo: 8 Januari ni kumbukumbu ya vita vya New Orleans dhidi ya Waingereza vya mwaka 1815, ushindi uliompa Jackson jina. Siku ilichaguliwa kwa ajili ya sherehe, kwa hiyo haikwambii lolote kuhusu lini bronzi ilimiminwa.

Magazeti ya siku hizo yanasomeka bure kwenye hazina ya Chronicling America ya Maktaba ya Bunge. Weka mipaka ya tarehe, wiki moja kabla na wiki mbili baada ya uzinduzi. Mashine iliyosoma kurasa hizo hukosea herufi zilizofifia, hivyo tafuta kwa maneno mawili mafupi yaliyo karibu, kwa mfano jina la Mills na neno “statue”, badala ya sentensi nzima. Tumia pia jina la zamani la mahali. Jackson Square ya New Orleans iliitwa Place d'Armes, na asiyelijua jina hilo hukosa habari zote za mwanzo.

New Orleans inaleta mtego mwingine: nakala. Jackson huyu huyu yupo huko tangu 1856, Nashville tangu 1880 na Jacksonville tangu 1987. Picha ya zamani isiyo na majengo nyuma yake inaweza kuwa ya mji wowote kati ya hiyo, kwa hiyo angalia kitako. Kile cha New Orleans kina maneno kuhusu kulinda Muungano wa majimbo ya Marekani, yaliyochongwa kwa amri ya Benjamin Butler, jenerali wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya jeshi lake kuuteka mji mwaka 1862. Sanamu ina umri mmoja, maneno yana umri mwingine, na aliyeyaamuru hakuwa yule aliyeisimamisha.

Usimwache mpandaji bila maelezo. Jackson alimiliki watumwa, na mwaka 1830 alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili kutoka ardhi zao. Watu waliofunga kamba kwenye sanamu tarehe 22 Juni 2020 wakijaribu kuiangusha, polisi wakawazuia, walikuwa na hayo moyoni. Tukio hilo nalo liingie kwenye daftari kwa tarehe yake. Msomaji wa pwani atapenda kujua pia kwamba mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said, wa mwaka 1833, ulifanywa Jackson akiwa rais.

Mwisho tafuta waliofanya kazi, maana jina lao halipo kwenye jiwe. Katika kiwanda cha Mills alikuwepo Philip Reid, mtumwa aliyenunuliwa Charleston kwa dola 1,200. Tunamjua kwa sababu utumwa ulipofutwa Washington tarehe 16 Aprili 1862, wamiliki waliruhusiwa kudai fidia. Mills alidai dola 1,500 kwa ajili yake, akimweleza kuwa ni fundi mzuri wa kusubu, akapewa dola 350.40. Reid mwenyewe alilipwa na serikali dola 1.25 kwa kila Jumapili aliyoifanyia kazi sanamu ya Freedom, iliyo juu ya jengo la Bunge. Tafuta jina lake kwa tahajia mbili, Reid na Reed. Malipo hayo ni ya Freedom, yaandike chini ya Freedom. Kwenye ukurasa wa Jackson andika kwamba alikuwa mtumwa na fundi wa Mills, na uweke karatasi ya madai ya 1862 kwenye safu ya ushahidi.