Kushona qipao nyumbani kwa kitabu cha pateni

Ugumu wa qipao, gauni la Kichina la kubana lenye kola ya kusimama, uko sehemu mbili: ufunguzi unaotoka shingoni kwenda kwapani, na kola. Ukizipatia hizo, yaliyobaki ni gauni la kawaida.

Anza na pateni, yaani mchoro wa kukatia kitambaa. Qipao za Shanghai za miaka ya 1920 zilikatwa bapa, mikono na mwili kipande kimoja, bila dati (mikunjo inayoshonwa ili nguo ifuate umbo la mwili). Zenye dati, mikono ya kupachika na zipu ubavuni zilienea Hong Kong miaka ya 1950, na ndizo utakazozikuta kwenye vitabu vingi. Kama kupachika mikono kunakusumbua, chagua isiyo na mikono.

Chagua saizi kwa kipimo cha kifua, kisha rekebisha kiuno na nyonga ubavuni. Usikate ukurasa wa kitabu, nakili kwenye karatasi. Angalia pia kama nafasi ya mshono imeshawekwa. Vitabu vya Kijapani mara nyingi haviiweki, kwa hiyo ongeza sentimita 1.5 pande zote na 2 ubavuni.

Shona kwanza ya majaribio kwa marekani. Ivae, kaa kitini, nyanyua mikono. Nguo hii haina pa kujificha, na satini ikishatobolewa na sindano alama haitoki.

Sasa kata. Mgongo hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, lakini mbele hapana: kuna kipande kikubwa kinachofunika kifua chote, na kidogo kinachokaa chini yake upande wa kulia wa mvaaji. Tandaza kitambaa bila kukikunja, uso juu, na pateni nayo uso juu. Ukiigeuza, gauni litafungukia kushoto. Ukingo wa ufunguzi umekatwa mshazari na hulegea upesi, basi bandika utepe mwembamba wa kitambaa cha gundi (kinachobandikwa kwa pasi) papo hapo, kabla hata ya kushona dati.

Shona dati, mabega, kisha zungushia ukingo huo utepe wa mshazari. Piga bandi kipande kikubwa juu ya kidogo ili shingo ikae kama itakavyovaliwa.

Hapo ndipo upime shingo kwenye gauni lenyewe, maana karatasini si ileile tena. Rekebisha kola iendane nayo. Kimo cha sentimita 4 kinatosha wengi, ila mwenye shingo ndefu anaweza kufika 5. Kitambaa cha gundi cha kola kisiingie kwenye mshono, na kola ya ndani ipunguze milimita 2 ili ya nje ikumbatie shingo. Chanja ukingo wa shingo, si wa kola, ushone kutoka katikati ya mgongo kwenda mbele, upande mmoja baada ya mwingine. Ncha mbili za kola zisipolingana kimo, fumua, pasi haitakuokoa.

Zipu iwekwe ubavu wa kulia, chini ya ufunguzi. Mwisho wa juu wa mipasuo ya ubavuni rudisha cherehani mara mbili tatu na uweke kiraka kidogo kwa ndani, la sivyo itachanika siku utakayopanda daladala.

Vifungo vya fundo shona kwa mkono, mwishoni. Chini yake weka vifungo vya kubonyeza. Hivyo ndivyo vibebe uzito. Ukitumia kitenge, tafuta cha maua madogo, kwani makubwa yatakatika pale kwenye ufunguzi.