Geji ya mafuta isiyosema kweli kwenye lori la kijeshi la zamani: namna ya kutafuta hitilafu

Malori na magari ya kijeshi ya miaka ya 1950 hadi 1980, kama vile Bedford na Land Rover za Uingereza au M35 ya Marekani, yana mfumo wa geji ya mafuta ulio rahisi kueleweka: kuna geji kwenye dashibodi, waya mmoja unaokwenda nyuma hadi kwenye tangi, na floti, yaani kifaa chenye boya kinachopima usawa wa mafuta, ndani ya tangi. Urahisi huo huwashawishi wengi kununua geji au floti mpya kabla ya kupima chochote. Kwa gari lililoishi Tanga, ambako hewa ya chumvi huingia hadi chini ya vichwa vya boliti za chasisi, kifaa hicho kipya mara nyingi hufungwa juu ya kutu ileile iliyoleta tatizo, na mwenye gari hujikuta amelipia kifaa na ufundi huku mshale ukiwa palepale. Kwa sababu hiyo, kazi ianzie kwenye dashibodi na kuishia ndani ya tangi, wala isiwe kinyume chake, kwa kuwa kufungua tangi ndiyo hatua chafu na ya hatari kuliko zote, na magari mengi hayahitaji kufikishwa huko.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Tafuta multimita, yaani kipimo cha volti na ukinzani wa umeme, na ukiweza kupata ile ya zamani yenye mshale itakufaa zaidi kwa sababu itakayoelezwa baadaye. Waya wa majaribio wenye urefu wa kutoka tangi hadi kwenye betri, uliofungwa klipu kila upande. Brashi ya waya, msasa laini, spana na bisibisi. Ongeza rizista (vikinza vya umeme) chache za wati 5, zenye ukinzani wa kuanzia omu 10 hadi omu 240, ambazo hupatikana kwa mafundi redio.

Floti si kitu zaidi ya kikinza kinachobadilika. Boya huelea juu ya mafuta, mkono wake husogeza kiguso juu ya waya mwembamba uliosokotwa kwenye kibao kidogo, na kadiri kiguso kinavyosogea ndivyo ukinzani unavyopanda au kushuka. Umeme hutoka kwenye swichi, hupita kwenye geji, hufuata waya hadi kwenye floti, kisha hurudi kwenye betri kupitia mwili wa floti, bati la tangi na chasisi. Sehemu hiyo ya mwisho, yaani ethi, haionekani kama waya na ndiyo maana husahauliwa.

Jambo la kwanza ni kujua gari lako ni la ukoo gani, kwa kuwa koo mbili zilizopo hufanya kazi kinyume. Magari ya kijeshi ya Kimarekani ya volti 24 hutumia geji yenye koili mbili za sumaku, na floti yake huwa na omu 0 tangi likiwa tupu na takriban omu 30 likijaa. Ukichomoa waya kwenye floti, mshale huruka hadi kwenye alama ya kujaa au kuipita. Ukiugusisha waya huo kwenye chuma safi cha chasisi, mshale hushuka hadi tupu. Land Rover za Series III, kwa upande mwingine, zina geji yenye ukanda wa metali mbili unaopinda unapopata joto la umeme, na floti yake huwa na ukinzani mkubwa, wa omu mia mbili na ushee, tangi likiwa tupu, kisha hushuka hadi karibu omu 20 au 30 likijaa. Kwa hiyo ukichomoa waya, mshale hukaa tupu, na ukiugusisha kwenye chuma, mshale hupanda. Magari ya Kiingereza yaliyotangulia hayo mara nyingi yalikuwa na geji ya koili kama za Kimarekani, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa, kwa sababu jina lililoandikwa kwenye boneti halikuambii geji ni ya aina gani. Mwendo wa mshale ndio utakaokuambia: wa koili huruka papo hapo swichi inapofunguliwa, na wa metali mbili hupanda polepole na huchukua karibu nusu dakika kutulia.

Tofauti hiyo ina matokeo barabarani. Kutu kwenye ethi huongeza ukinzani ambao haukuwapo. Kwenye Land Rover, ukinzani wa ziada hufanya geji ionyeshe mafuta machache kuliko yaliyomo, na hasara yake ni kusimama kwenye kituo cha mafuta bila sababu. Kwenye M35, kutu hiyohiyo hufanya geji ionyeshe mafuta mengi kuliko yaliyomo, nawe utaamini una robo tangi hadi injini izimike katikati ya barabara ya Pangani ukiwa na robota za mkonge juu. Binafsi naona geji ya Kimarekani isiyoaminika ni heri ichomolewe kabisa kuliko kuachwa ikimdanganya dereva.

Sasa pima. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha pima volti kwenye terminali ya geji inayopokea umeme. Gari la betri mbili zilizounganishwa mfululizo litaonyesha karibu volti 24 au 25. Lile la betri moja, 12 na pointi kadhaa. Ikiwa hakuna kitu, tatizo ni fyuzi, swichi au waya wa kuleta umeme, na floti haina hatia. Kwenye malori ya Kimarekani nyaya zina vibati vyenye namba: waya namba 27 huleta umeme kwenye geji, na namba 28 hutoka kwenye geji kwenda kwenye floti. Kwenye magari ya Kiingereza hufuatwa rangi, na waya wa floti ni wa kijani wenye mstari mweusi, ingawa baada ya miaka arobaini ya mafundi wengi kupita hapo, rangi hizo zisichukuliwe kuwa ushahidi kamili. Angalia pia upande wa ethi wa betri, kwa sababu baadhi ya magari ya zamani ya Kiingereza yalitoka kiwandani ethi ikiwa kwenye chanya.

Kabla ya kwenda nyuma ya gari, tazama geji ya joto la maji. Ikiwa na yenyewe inaonyesha juu kupita kawaida sambamba na ya mafuta, kwenye Land Rover shuku kidhibiti volti kilicho nyuma ya dashibodi. Kazi yake ni kuzipatia geji zote mbili wastani wa volti 10, kwa kukata na kuunganisha umeme mara kwa mara, na mwili wake lazima uguse chuma. Ethi yake ikipotea huacha kukata, na geji hupata volti zote za betri. Skrubu moja iliyosuguliwa vizuri mara nyingi humaliza shauri hilo. Ukikipima kwa multimita ya namba, tarakimu zitarukaruka. Hiyo si hitilafu, ndivyo kinavyofanya kazi.

Kisha nenda kwenye tangi, chomoa waya wa floti, na mweke mtu mbele atazame mshale. Ugusishe waya huo kwenye chuma safi kwa sekunde chache tu, hasa kama geji ni ya metali mbili, kwa kuwa hapo inapata umeme mwingi kuliko inavyotakiwa. Njia ya uangalifu zaidi ni kuunganisha rizista kati ya waya na chuma: omu 15 kwenye lori la Kimarekani zinapaswa kuuweka mshale karibu na nusu. Mshale ukitii, geji na waya ni vizima, na tatizo limebaki kwenye floti au ethi yake. Kwenye gereji moja ya Ngamiani kijana wa umeme alimwamkia mwenye Bedford, akamwambia, “Shikamoo mzee. Hii geji imekufa, tutafute nyingine.” Mzee akamjibu, “Marahaba mwanangu. Kabla hatujaizika, umeugusisha waya kwenye chuma?” Waya ulipoguswa kwenye boliti ya chasisi, mshale uliinuka bila haraka hadi juu, na mazungumzo ya kununua geji yakaishia hapo.

Mshale usipotii, rudi kwenye waya. Uchomoe pande zote mbili na upime: ncha kwa ncha unapaswa kuwa chini ya omu 1, na kati ya waya na chasisi pasiwe na mawasiliano yoyote. Waya huo hupita juu ya fremu, na mahali unapovuka ukingo wa chuma ndipo ngozi yake huliwa na mtikisiko.

Ethi inastahili muda wako kuliko kitu kingine chochote. Matangi ya kijeshi hushikiliwa kwa mikanda ya chuma iliyowekewa mpira au turubai chini yake ili bati lisisagike, na juu ya hapo hupakwa rangi tabaka kwa tabaka kila gari linapobadilisha mkono. Kwa hiyo tangi linaweza kuwa limefungwa imara kabisa huku kwa umeme likiwa halijaguswa na chochote. Rudisha waya wa floti, fungua swichi, weka multimita kwenye volti, kisha gusisha ncha moja kwenye mwili wa floti na nyingine kwenye nguzo ya betri iliyo upande wa ethi. Inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikizidi sehemu mbili za kumi za volti, umeme unapata taabu kurudi. Thibitisha kwa kuunganisha waya wako mrefu wa majaribio kutoka mwili wa floti hadi nguzo hiyohiyo ya betri, na mshale ukisogea penye ukweli, umepata jibu. Tiba yake ni waya wa kudumu wenye terminali za kubana, kutoka skrubu moja ya floti hadi kwenye fremu. Sugua rangi hadi chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu ya kiungo chote. Ukiacha kupaka grisi kwenye gari linalolala Raskazone au Chumbageni, kazi hiyo utairudia.

Ikiwa ethi ni nzuri na floti bado haisomi, ndipo tangi lifunguliwe. Fanya kazi nje penye upepo, wala si juu ya shimo la gereji, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama shimoni. Chomoa betri kwanza. Sigara, jiko la mkaa la mama lishe na taa ya waya vikae mbali. Punguza mafuta hadi yawe chini ya usawa wa floti, safisha mchanga na vumbi la chokaa juu ya tangi kwa brashi kabla ya kulegeza skrubu hata moja, kisha weka alama ya jinsi floti ilivyoelekea. Floti za Kimarekani zina matundu matano ambayo hayakupangwa kwa nafasi sawa, hivyo hukaa upande mmoja tu. Za wengine hukubali kugeuzwa, na mkono wa boya ukaja kugonga ukuta wa tangi.

Floti ikiwa mezani, unganisha multimita kati ya terminali na mwili wake, kisha inua mkono polepole sana. Hapa ndipo multimita ya mshale inapofaa, kwa kuwa huonyesha kila mkatiko kwa kuruka ghafla, wakati ile ya namba huweza kuupita bila kuuonyesha. Uchafu kwenye waya husafishwa kwa dawa ya viungo vya umeme na kifutio cha penseli, na kiguso kilicholegea hukunjwa kidogo kirudishe mgandamizo. Waya uliokatika ni habari nyingine. Haushiki risasi ya kulehemu kirahisi, nami nisingeupotezea mchana.

Boya la shaba nyeupe litikise karibu na sikio. Ukisikia kimiminika ndani, limetoboka. Litumbukize kwenye maji ya moto, mbali na tangi, na viputo vitakuonyesha tundu. Usilipitishie moto wala chuma cha kulehemu kabla ya kutoa mafuta yote yaliyomo, kwani mvuke uliofungiwa humo hulipuka.

Ukilazimika kununua floti nyingine, nenda dukani na vipimo viwili: omu za tangi tupu na omu za tangi lililojaa. Floti ya gari jingine inaweza kuingia kwenye tundu vizuri kabisa na bado ikasoma kinyume. Vilevile usifunge geji ya volti 12 kwenye lori la volti 24, itaungua.

Baada ya kurudisha kila kitu kwa gasketi mpya isiyoliwa na mafuta, pima usahihi. Anza na tangi lililo karibu tupu, mimina dumu la lita 20, subiri mshale utulie, andika unaposimama, kisha endelea dumu kwa dumu. Tangi la M35 huchukua galoni 50 za Marekani, yaani takriban lita 189, kwa hiyo ni madumu tisa na ushee. Mshale ukiwa chini au juu ya haki yake kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kunja kidogo mkono wa boya. Katika kila dumu tumbukiza pia fimbo nyembamba ya mbao ngumu na uweke alama mafuta yanapofikia. Alama hizo zikatwe kwa kisu, kwa sababu za kalamu huyeyuka kwenye dizeli.