Kukata upya rili ya mpiga picha wa filamu kwa macho ya wenzako

Rili (video fupi ya kuonyesha kazi zako bora) inayokwama mara nyingi ina dakika 3, shoti 12 nzuri na shoti 30 za kawaida. Mwenyewe hazioni hizo 30, maana kila moja anaikumbuka kwa jasho lake: jua lilikuwa linazama, mwigizaji alikuwa na dakika 10 tu, reli ya kamera ilitandikwa mara tatu. Anayeitazama hana kumbukumbu hizo. Macho yake ndiyo unayohitaji kuazima, na kuyaazima kuna utaratibu wake.

Hatua ya 1: Nakala ya kukosolewa

Kata mpaka sekunde 90. Dakika 2 ndiyo mwisho. Toa faili la H.264 (namna ya kawaida ya kubana video), 1920 kwa 1080, megabiti 15 hadi 20 kwa sekunde, na jina lake libebe namba ya toleo. Chapa taimkodi (namba za dakika na sekunde zinazokwenda na video) juu ya picha, kubwa ya kusomeka hata kwenye simu. Bila hiyo utaletewa maoni kama "ile ya dirishani imekaa sana", na wewe una shoti tatu za dirishani. Kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, taimlaini (mstari unaopangia klipu) huanzia 01:00:00:00 usipoibadilisha. Ianzishe kwenye sifuri ili namba zilizochapwa zilingane na za kicheza video.

Toa pia nakala isiyo na muziki, na hiyo ndiyo itangulie kutazamwa. Pigo la ngoma likiangukia kwenye mkato, mtazamaji hufurahia ngoma na kuusifu mkato.

Hatua ya 2: Watu watano

Wapiga picha wawili, fundi taa mmoja, mhariri mmoja, na mwongozaji au mtayarishaji ambaye hujawahi kufanya naye kazi. Aliyekuwepo seti usimhesabu, naye anakumbuka jasho lilelile. Weka akiba watu wengine watatu ambao hawataona chochote kwa sasa. Jicho jipya hutumika mara moja tu.

Hatua ya 3: Maswali

Usiulize "unaionaje?" Utajibiwa "kali sana, kaka", na hutajua la kufanya. Uliza haya manne:

1. Ni taimkodi gani ulipotamani kuacha kutazama kwa mara ya kwanza?
2. Lazima shoti tatu zitoke. Zipi?
3. Baada ya saa moja, bila kurudia kutazama, unakumbuka shoti zipi mbili?
4. Mwenye rili hii ungemwita kwa kazi ya aina gani?

Swali la 2 ndilo lenye nguvu, kwa sababu linamwondolea mwenzako mzigo wa adabu. Hajasema kazi yako ni mbaya. Amelazimishwa kuchagua, na watu wakilazimishwa kuchagua husema kweli.

Kila mmoja akujibu peke yake. Frame.io, huduma ya mtandaoni ya kutolea maoni juu ya video, ni chombo kizuri cha kazi za wateja, lakini kwa zoezi hili siipendekezi kama wote watatumia kiungo kimoja: wa pili akishaona maoni ya wa kwanza, anaitikia. Ujumbe wa faragha na jedwali lako mwenyewe vinatosha. Kama mnatazama pamoja ana kwa ana, usijitetee. Ukishaeleza kwa nini shoti iko gizani, umemfundisha kuipenda, na mteja hatapata maelezo hayo.

Hatua ya 4: Kuyasoma majibu

Hapa ndipo rili nyingi huharibiwa. Mtu anapokea maoni 40, anayatekeleza yote, na toleo la pili linatoka bovu kuliko la kwanza. Panga majibu kwenye jedwali kwa taimkodi, si kwa jina la aliyesema, kisha tafuta mahali penye msongamano. Penye watu 3 kati ya 5 pana tatizo. Ila wanachopatia ni mahali tu. Dawa wanayopendekeza mara nyingi siyo.

Tuseme watatu wametaja 00:31. Mmoja anasema imepoa, mwingine itoe, wa tatu ifupishe. Shoti yenyewe ni mwanamke anashuka ngazi, dirisha linamwangaza upande mmoja wa uso, na ukiitazama peke yake haina kasoro. Rudi nyuma. 00:22, umbo la mtu, jeusi tii, mbele ya jua linalozama. 00:25, watu wawili, jua lilelile. 00:28, mtu mlangoni, nuru mgongoni kwake. Jicho limeshashiba giza mbele ya nuru, kwa hiyo uso wenye nusu kivuli unapokuja linauhesabu kuwa wa nne. Toa ya 00:25, ihamishe ya 00:28 mpaka baada ya dakika ya kwanza, na ya 00:31 usiiguse. Ukiitoa, umepoteza uso pekee katika sehemu hiyo na ugonjwa umebaki palepale.

Lalamiko la mtu mmoja liandike uliache, isipokuwa ni jambo la kupimika. Fundi taa akitaja kivuli cha pili ukutani, kipo au hakipo; nenda uangalie. Mhariri akisema kamera inasitasita inapogeuka, angalia kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde): klipu ya fremu 24 kwenye taimlaini ya 25 hurudia fremu moja kila sekunde. Iambie programu iisome klipu kama ya 25. Itakimbia kwa takribani asilimia 4, na kwa kuwa sauti yake huitumii, hakuna atakayejua.

Ukiambiwa "giza sana", uliza kwanza ilitazamwa kwenye skrini gani na mwanga wake ulikuwa kiasi gani. Wawili wenye skrini tofauti wakikubaliana, ndipo ufungue grafu ya mwangaza na kulinganisha ngozi za nyuso kutoka shoti hadi shoti.

Shoti iliyogawa watu, wengine wakiipenda na wengine wakiikataa, ibakize, ina kitu. Ya kwanza kutoka ni ile isiyotajwa na yeyote, kwa wema wala kwa ubaya.

Hatua ya 5: Mzunguko wa pili

Kata, pumzika siku mbili, kisha wapelekee wale watatu wa akiba maswali yaleyale. Jibu la swali la 1 likisogea mbele kwa sekunde 20 au zaidi, umepiga hatua. Likibaki palepale, rudi kwenye shoti zinazotangulia hapo.

Hatua ya 6: Nakala ya mwisho

Ondoa taimkodi. Muziki uwe wenye kibali. Jina likae sekunde 2 mwanzoni. Jina na mawasiliano sekunde 5 mwishoni. Shoti ambayo ulishika kamera tu huku mwanga ukiwa wa mtu mwingine, andika hivyo pembeni ya fremu au itoe.