Kubuni wito wa mfumo unaoweza kupanuliwa baadaye

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mwenzangu kuongeza wito mpya wa mfumo (system call, ombi ambalo programu huiletea kerneli) kwenye kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo. Kusajili namba ya wito na kujenga kerneli nachukulia unajua.

1. Vigezo viingie kwenye muundo (struct) mmoja. Wito upokee kielekezi (pointer) cha muundo na ukubwa wake kwa baiti, kama `openat2` ya Linux 5.6. `pipe` haikuwa na mahali pa bendera (biti za kuwasha chaguo), ndiyo maana mwaka 2008 ikabidi ije `pipe2`.

2. Tumia `__u64` (namba ya biti 64 isiyokuwa hasi) kila mahali, hata kwa vielekezi. `long` hubadilika upana kati ya biti 32 na 64, sitaki hata kuiona humu.

3. Shughulikia ukubwa. Hapa ndipo muda unapopotelea.

Programu ya zamani ikileta muundo mfupi kwenye kerneli mpya, baiti zilizopungua zijazwe sifuri. Maana yake ni kwamba kila sehemu utakayoongeza, sifuri lazima imaanishe "fanya kama zamani". Angalia mtego: namba ya faili (file descriptor) 0 ni halali! Sehemu mpya ikibeba namba ya faili, ongeza na bendera ya kuiwasha, kama `clone3` ilivyofanya: sehemu yake ya `cgroup` haisomwi bila bendera ya `CLONE_INTO_CGROUP`.

Programu mpya kwenye kerneli ya zamani italeta baiti za ziada. Zikiwa sifuri zote, endelea. Ikiwemo hata moja isiyo sifuri, rudisha kosa la `E2BIG` (muundo ni mkubwa mno). Muundo mfupi kuliko toleo la kwanza (kwa `openat2` ni baiti 24) upate kosa la `EINVAL` (kigezo si sahihi).

Usiandike ukaguzi huu kwa mkono, kazi ya `copy_struct_from_user` ipo tayari ndani ya kerneli. Na ukubwa uwe kigezo cha pembeni. `sched_setattr` huuweka ndani ya muundo, kwa hiyo kerneli husoma kumbukumbu ya programu mara mbili, na uzi (thread) mwingine wa programu unaweza kuubadilisha katikati.

4. Bendera usiyoijua, kataa kwa `EINVAL`. `open` huzipuuza tu, ndiyo sababu `O_TMPFILE` (bendera ya faili la muda) ililazimika kubeba `O_DIRECTORY` (bendera ya kufungua saraka tu) ndani yake ili kerneli za zamani zigome.

5. Kumbuka seccomp, kichujio cha Linux kinachoamua programu iruhusiwe kuita wito upi. Haioni kilicho nyuma ya kielekezi, hivyo vichujio vingine huufunga wito mzima. Upande wa programu, ukipata `ENOSYS` (wito haupo) rudi kwenye wito wa zamani.

6. Jaribu ukubwa mfupi, sawa na mrefu, na huo mrefu mara mbili: mkia wa sifuri, kisha mkia wenye takataka.