Kikundi chenu kidogo na pesa ya utetezi: mtaipata wapi na mtaiombaje

Nasema na vikundi vidogo vya watu wanaobaguliwa, kama wafanyabiashara ya ngono, mashoga na wanaotumia unga, mnaotafuta pesa ya kudai haki zenu. Kabla hamjaandika ombi lolote kaeni chini mtenganishe huduma na utetezi. Kugawa kondomu na sindano safi ni huduma, kuibana kaunti mpaka zahanati iache kumfukuza mtu anayetumia unga huo ndo utetezi, na wafadhili wengi wanapenda ile ya kwanza sababu inahesabika. Halafu msishike mfadhili mmoja tu, manake Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje vikundi vingi vilivyokuwa vinategemea mlango huo mmoja vilifunga kabisa.

Sasa wapi. Kama nyinyi ni wafanyabiashara ya ngono au mashoga, wasagaji, watu wa transi, angalieni UHAI EASHRI pale Nairobi, wanafadhili Afrika Mashariki na wanaochagua nani apewe ni wanaharakati wenyewe, kwa hiyo hamtaanza kueleza kwa nini mnastahili kuishi. Mwanamke mtetezi akitishiwa na anahitaji kuhama au wakili haraka, kuna Urgent Action Fund-Africa. Robert Carr Fund, mfuko wa kazi za VVU, msipoteze muda kuiandikia nyinyi kama kikundi, ile ni ya mitandao ya mashirika ya kikanda na ya dunia, lakini ulizeni mtandao mlio ndani yake kama unapata na nyinyi fungu lenu liko wapi.

Global Fund, ule mfuko wa dunia wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, nao watu wengi wanauogopa bure. Haiwapi nyinyi mkononi, pesa inapita kwa mashirika makubwa kwanza, ila ombi la nchi linapitia kamati, Kenya inaitwa KCM na Tanzania TNCM, na kanuni zinataka watu wanaoishi na magonjwa hayo na makundi yaliyo hatarini wawe na viti mle. Mjue mwakilishi wenu ni nani, mpigieni simu, na ombi jipya likianza kuandikwa, kawaida ni kila baada ya miaka mitatu, hakikisheni kazi ya haki imeandikwa na ina bajeti yake, sababu isipoingia wakati ule baadaye mtaambiwa hakuna fungu.

Pia hapa Kenya msisahau pesa ya kaunti! Makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi lazima wasikilizwe. Hamtapewa nyinyi, lakini dawa au muuguzi mliyemdai akiwekwa kwenye bajeti huo ni ushindi, na mfadhili atauona.

Kwenye propozali msianze na historia ya nchi. Semeni tatizo moja, nani ana uwezo wa kulitatua, na mtamfikiaje. Tuseme wenzenu wanatoka mbali kila siku kuja kunywa methadoni, ile dawa ya kumsaidia mtu kuachana na unga, Malindi na nauli inawashinda, basi andikeni hivyo hivyo, mnataka dawa itolewe karibu, anayeamua ni idara ya afya ya kaunti, mtakutana nao mara ngapi na nani atazungumza. Na kwenye bajeti wekeni mishahara, kodi ya ofisi, nauli, wakili, hata pesa ya mshauri wa kuwasikiliza nyinyi wenyewe, hii kazi inachosha roho na watu wanajitolea miaka kwa miaka mpaka wanavunjika, si haki!

Hamna cheti? Kenya kikundi cha jamii kinasajiliwa ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022. Kama kusajiliwa kwa jina lenu ni hatari tafuteni shirika mlezi lipokee pesa kwa niaba yenu, lakini asilimia wanayokata, siku za kuwatumia pesa na nani anasaini viandikwe kwenye mkataba kabla pesa haijaingia.

La mwisho na nalisisitiza sana, orodha ya mahudhurio. Mfadhili anataka ushahidi, sawa, ila majina kamili, namba ya kitambulisho na simu ya watu ambao polisi wanaweza kuwafuata msimpe mtu yeyote. Ombeni tangu mwanzo mtumie namba za siri badala ya majina, wengi wanakubali mkiuliza kabla ya kusaini, na ile karatasi yenye majina halisi, kama lazima iwepo, isikae ofisini.