Somo: Jinsi ya kuchagua pete ya almasi iliyokatwa vizuri kwa sonara wa kifahari

Wakuu na akina dada, salaam. Kila msimu wa harusi ukikaribia ujumbe ni ule ule: mtu ameweka akiba, anapita Dubai kikazi au ana ndugu yake London, anataka aingie duka lenye jina kubwa atoke na pete ya almasi. Swali lake la kwanza huwa ni "karati ngapi?", yaani uzito wa jiwe. Hilo liwe swali la tatu au la nne. Anza na hili: jiwe limekatwaje?

Nitazungumzia zaidi almasi ya duara, kwa kuwa ndiyo inayonunuliwa sana na vipimo vyake vimeshachambuliwa miaka mingi. Maumbo mengine tutayagusa kwenye maswali.

Kwa nini mkato

Rangi ya jiwe, usafi wake na ukubwa wake vinatoka ardhini. Mkato ni kazi ya mkono wa mtu, na mtu ana tamaa. Chukueni ile almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui, Shinyanga, kwenye mgodi wa Williamson mwaka 1947. Ikiwa ghafi ilikuwa na karati 54.5. Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipewa ikiwa bado ghafi, kama zawadi ya harusi, na ilipomaliza kukatwa zilibaki karati 23.6. Mwaka 1953 masonara wa Cartier wakaipachika kwenye bruchi yenye umbo la ua. Zaidi ya nusu ya jiwe iliondoka kwenye gurudumu la mkataji, na hakuna aliyelalamika, maana kilichobaki kinawaka.

Mkataji anayekatia soko la kawaida hana moyo huo. Yeye analipwa kwa uzito, na bei ya karati hupanda ghafla pale jiwe linapofika 0.50, 1.00, 1.50 au 2.00. Kwa hiyo anaacha unene kiunoni (ukingo unaolizunguka jiwe) na kwenye kitako (sehemu ya chini iliyochongoka), sehemu ambazo pete ikishavaliwa hazionekani, ili mizani isome 1.00. Kununua jiwe la namna hiyo ni kama kupimiwa samaki pamoja na barafu yake. Almasi ya duara ya karati 1 iliyokatwa sawasawa ina upana wa takriban milimita 6.5. Ukikutana na ya karati 1 yenye milimita 6.1, ujue uzito umejificha chini.

Mwanga nao una sheria zake. Unaingia kwa juu, unagonga kuta za kitako. Ukiugonga ukuta kwa pembe iliyozidi nyuzi 24.4, kupima kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya ukuta huo, hauwezi kutoka; unarudishwa wote ndani, unagonga ukuta wa pili, kisha unakurudia jichoni kwa juu. Kitako kikiwa kifupi mno au kirefu mno, mwanga unavuja kwa chini na kupotelea kwenye kidole. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mhandisi wa Antwerp aliyetoka kwenye ukoo wa wakata almasi, alipiga hesabu na kupata taji (sehemu ya jiwe iliyo juu ya kiuno) la nyuzi 34.5, kitako cha nyuzi 40.75, na uso bapa wa juu wenye asilimia 53 ya upana wa jiwe. Zaidi ya miaka mia imepita na mawe mazuri bado yanazunguka hapo hapo.

Hatua ya kwanza: soma cheti kabla hujatazama jiwe

Ukitangulia kulitazama umeshapenda, na aliyependa hasomi. Omba cheti, kaa chini, chukua muda.

Cheti kinachofahamika zaidi duniani ni cha GIA, taasisi ya vito ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931. Tangu 2006 inatoa daraja la mkato kwa almasi za duara: Excellent, Very Good, Good, Fair, Poor. Kwa sonara wa kifahari usikubali chini ya Excellent. Ila msiishie kwenye neno hilo, maana uwanja wake ni mpana: taji linaweza kuwa popote kati ya nyuzi 31.5 na 36.5, kitako kati ya 40.6 na 41.8, jiwe likaitwa Excellent mradi vipimo vyake vinapatana. Wawili wenye cheti cha daraja moja wanaweza kuvaa mawe yasiyofanana kabisa kwa mng'ao.

Mimi natafuta hivi, kwenye mchoro mdogo ulio kwenye cheti: uso wa juu asilimia 54 hadi 58, kina cha jiwe zima asilimia 60 hadi 62 na kidogo, taji nyuzi 34 hadi 35, kitako nyuzi 40.6 hadi 41. Halafu muhimu kuliko yote, taji na kitako vifidiane. Taji likipanda, kitako kishuke. Taji 35.5 na kitako 41.2 kwenye jiwe moja, vyote viko juu, mimi narudisha hata kama cheti kinasifia. Kiuno kisiandikwe kuwa kinene.

Maduka mengine yana maabara yao. Tiffany, sonara maarufu wa Marekani, kwa mfano, hutoa cheti chake yenyewe. Si kosa, lakini omba pembe zote mbili na asilimia zote mbili ziwe kwenye karatasi. Muuzaji wa pete ya bei hiyo akikujibu kwamba "mawe yetu yote ni bora kabisa" bila namba, tabasamu, uliza tena.

Hatua ya pili: toka kwenye taa zao

Hapa ndipo wengi wanapigwa. Taa za dukani ni ndogo, kali na nyingi, zimefungwa darini kwa kazi moja tu. Chini yake hata kioo cha chupa kitarusha cheche. Tena jiwe limesafishwa dakika chache kabla hujaingia.

Omba usogee dirishani, pasipo jua la moja kwa moja. Kisha fanya jambo ambalo muuzaji atalishangaa kidogo: ishushe pete chini ya meza ya kioo, kwenye kivuli. Jiwe lililokatwa vizuri hata pale litakuwa na weupe katikati na vipande vyeusi vilivyokatika kwa ukali, na ukilitikisa vinabadilishana haraka. Jiwe baya linakuwa kijivu, kama limelala.

Litazame kwa wima kutoka juu, sentimita 30 hivi kutoka machoni. Ukiona duara la kijivu linazunguka ndani ya uso wa juu, kitako ni kifupi; wenyewe wanaliita jicho la samaki, na ukiinamisha jiwe kidogo linazidi. Katikati pakiwa na giza linalokaa pale pale hata ukiligeuza, kitako ni kirefu. Ukiona mishale minane myembamba imejipanga sawa kuzunguka katikati, umefika kwa fundi.

Usitazame jiwe moja. Omba mawili au matatu ya uzito unaokaribiana, yawekwe pamoja kwenye kitambaa cheupe, geuza karatasi za bei. Jicho lisilo na mafunzo linachagua vizuri sana likipewa cha kulinganisha.

Hatua ya tatu: ijue pete yenyewe

Jiwe linashikwa na kucha za madini. Mwaka 1886 Tiffany walitoa pete iliyoinua jiwe juu ya duara kwa kucha sita ili mwanga uingie pande zote, na mpaka leo pete nyingi za uchumba zinafuata umbo hilo. Kucha nne zinaonyesha jiwe zaidi. Sita ni salama zaidi, maana moja ikikatika tano zinabaki. Kwa mwanamke anayefanya kazi kwa mikono, muuguzi au mpishi, mimi nasema sita.

Azima lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia, ya mara kumi. Ncha ya kila kucha ilalie jiwe bila kuacha nafasi. Kisha vuta uzi mwembamba juu ya kucha zote: ukinasa, kucha haijalainishwa, na itanasa nguo kila siku. Ndani ya duara tafuta muhuri: 750 ni dhahabu ya karati 18 (hapa karati ni usafi wa dhahabu, si uzito), Pt950 ni platini.

Hatua ya nne: kipimo cha kidole

Maduka yale yana baridi ya kiyoyozi na kidole kinasinyaa. Ukipima humo ukaridhika, ukirudi Dar au Mombasa pete haivuki fundo. Toka nje, tembea kidogo, rudi upime tena.

Hatua ya tano: bei

Kwa sonara mwenye jina unalipia jina, sanduku, huduma ya kusafishiwa na kukaguliwa, na uchaguzi waliokwisha kukufanyia. Hiyo si dhambi ukijua unachonunua. Pesa ikikubana, punguza mambo haya kwa mpangilio: usafi kwanza (daraja la usafi likiwa VS2 jicho halioni kitu, na hata SI1 nyingi ni safi ukizitazama mwenyewe), kisha rangi (kwenye dhahabu ya njano daraja la rangi H au I halitakuumbua), kisha uzito, 0.92 iliyokatwa vizuri huwezi kuitofautisha kidoleni na 1.00. Mkato usiguse.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Geita: Mwalimu, kwa nini tuhangaike Dubai wakati almasi inatoka kwetu? Si niende Shinyanga ninunue ghafi, nimpe sonara akate?
Jibu: Mdogo wangu, almasi ghafi ni madini, kuinunua bila leseni ni kosa la jinai, na kuitoa nchini kunataka cheti cha Mchakato wa Kimberley, ulioanza 2003. Hata ungeipata kihalali, sonara wa mtaani si mkata almasi. Almasi hukatwa kwa almasi, kwa vifaa vyake na watu wake.

Mama Naila: Samahani, mimi napenda la umbo la yai, vidole vyangu vifupi. Namba zako zinafaa?
Jibu: Dada yangu, hazifai. Yai hurefusha kidole kweli, ila cheti chake mara nyingi hakitakupa daraja la mkato kama la duara, kwa hiyo jicho ndilo hakimu. Tafuta kivuli cheusi chenye umbo la tai ya kipepeo kinachokatiza katikati. Kidogo kipo karibu kwenye kila yai. Kikiwa cheusi muda wote hata ukizungusha mkono, achana nalo.

Mzaramo wa Muscat: Kuna jamaa ana kile kifaa cha kupima, kikilia ni almasi. Kinatosha?
Jibu: Hakitoshi, mkuu. Vifaa vingi vya bei nafuu vinapima namna jiwe linavyopitisha joto, na moissanite, jiwe jingine linalofanana na almasi, inapitisha joto vizuri, kwa hiyo vinalia. Moissanite ichungulie kwa lupu ukiinamisha kidogo: mistari ya chini inaonekana mara mbili. Almasi iliyokuzwa maabara ndiyo kifaa hicho hakiwezi kabisa kuibagua, maana ni almasi kweli kweli.

Shemeji wa Watu: Hapo hapo, hiyo ya maabara ni feki?
Jibu: Si feki. Ni kaboni ile ile, imekuzwa kwa mashine badala ya ardhini. Bei yake imeshuka sana miaka ya karibuni na inaendelea kuchezacheza, kwa hiyo usiinunue kwa bei ya kufanana na ya mgodini. Uliza wazi, na jibu liandikwe kwenye risiti. Mkato unaukagua vile vile.

Bin Said: Nikija kuuza baadaye nitapata faida?
Jibu: Hapana, kaka. Ukitoka mlangoni thamani ya kuuzia imeshashuka, na ya jina kubwa inashuka kwa pesa nyingi zaidi. Anayetaka akiba anunue dhahabu.

Msafiri wa Kariakoo: Nasikia ukinunua Dubai kodi unarudishiwa?
Jibu: Ndiyo, kama wewe ni mgeni. Kodi ni asilimia 5. Onyesha pasipoti dukani wakati wa kulipa, na uwanja wa ndege upitie dawati la kurudishiwa kodi kabla hujakabidhi mizigo, pete ukiwa nayo mkononi. Wanakata ada kidogo. Ukinunua, una siku 90 za kuondoka nayo.

Mama Naila: La mwisho, samahani kwa usumbufu. Nitajuaje jiwe la kwenye pete ndilo la kwenye cheti?
Jibu: Wala si usumbufu. Mawe mengi yenye cheti yamechorwa namba kwa leza kiunoni, ndogo mno, inasomeka kwa lupu tu. Omba uonyeshwe kabla ya kulipa, na namba hiyo hiyo uiingize kwenye tovuti ya GIA uone vipimo vinalingana. Wakati mwingine kucha inaifunika. Hapo waombe wakuoneshe jiwe kabla halijapachikwa, na usilipe salio mpaka uione.